Owori Jovan, Aliyeifunga Meli Isiyokwenda Popote

Nani kati yenu mlioketi hapa amewahi kuona mnyororo ambao pingili yake moja ina uzito wa fahali? Nauliza kwa sababu tangu jana nasikia kwenye foleni ya chai kwamba marehemu alikuwa mvuvi, wengine baharia, na kuna bwana mmoja wa Malaba anaapa kwamba alikuwa akichota mafuta kwa ndoo. Basi wazee wetu, wachungaji, nawasalimu nyote, mulembe, yoga noi, mimi ni Abbo, dada yake mdogo, na familia imenituma niwasomee maisha yake yalivyokuwa, siyo yanavyosimuliwa.

Marehemu Owori Jovan alizaliwa tarehe 19 Mei 1987 hapa Mukuju, mtoto wa tatu wa mzee Obbo Zefania na mama Anjeline, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 2001, sekondari Tororo hadi 2005, kisha akasomea uchomeleaji chuo cha ufundi hadi 2008, course ambayo sisi wapenda vitabu tuliicheka, yeye akapata kazi, mimi na digrii yangu ya takwimu bado niko nyumbani, nachambua maharage.

Alianza kazi Malaba mwaka huohuo, akichomelea trela zilizovunjika kwenye foleni ya mpaka, mwaka 2012 akaenda Mombasa kuchomelea mabomba, na tarehe 4 Machi 2016 akaajiriwa na kampuni inayohudumia visima vya mafuta katika bahari kuu, upande wa Afrika Magharibi, kupitia wakala wake Bwana Engole, ambaye tunaye leo, hema la pili, karibu sana ssebo. Kule maji yana kina cha mita elfu moja na mia tatu, hakuna nguzo ya kufika chini, kwa hiyo mafuta hupanda kutoka visimani kwa mabomba yanayopinda hadi kwenye meli kubwa, na meli hiyo hufungwa kwa mistari kumi na miwili, mnyororo chini kwenye nanga, kamba nene katikati, mnyororo tena juu, maana ikisogea sana mabomba yatachanika, na kazi ya kaka yangu ilikuwa kukagua minyororo na mabomba hayo. Mama alipoelezwa kwamba meli haiendi popote alimwambia mbele ya wageni, "Wewe Owori, meli isiyokwenda si ni ghala tu, kwa nini usijenge ghala hapa ukalala kwako?", naye akacheka mpaka chai ikamwagikia shati.

Tarehe 27 Desemba 2014 alifunga ndoa na Ajambo Quinter, binti wa Kisamia wa Busia upande wa Kenya, wakajaliwa watoto wawili, Emmy mwenye miaka tisa na Elinah mwenye mitano.

Tarehe 3 Desemba 2024 alinitumia ripoti yake nimnyooshee Kiingereza, kama kawaida yetu, ameandika kwamba pingili mbili za juu za mstari wa saba zimelika, kwamba ni lazima zibadilishwe kabla mstari haujakazwa tena. Mimi msomi nikamwambia, "Kaka, wazungu hawaamrishwi hivyo, andika unapendekeza," naye akanisikiliza, akapendekeza, wakamjibu kwamba wataendelea kufuatilia, na neno lile lililolainishwa nalibeba mimi, simpi mtu mwingine.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua. Tarehe 11 Februari 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mstari wa saba ulikatika ukikazwa, ukafagia sitaha ya boti ya kazi alipokuwa amesimama, mwenzake akamwona akienda nao majini. Kesho yake kamera ya kampuni iliikuta ncha ya mnyororo chini kabisa, wakaandika mahali pake bila kukosea hata hatua tatu, Machi mstari mpya ulikuwa umefungwa, mafuta yanapanda, na barua waliyotuandikia inasema mfanyakazi hajulikani alipo. Ofisi ya usajili haiwezi kuandika kifo cha mtu asiyejulikana alipo, hivyo miezi tisa sasa Ajambo si mke wala mjane.

Wazee wa kwao Ajambo walituambia asiyerudishwa na maji huzikwa kwa tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea. Baba alikataa, akasema, "Nikishazika tunda, Owori akitokea pale njiani nitamwambia nini?", Ajambo akamjibu kwa upole, "Baba, hatokei, na watoto wananiuliza kila siku kaburi liko wapi." Juzi baba alikwenda mwenyewe kulikata, akalivika ovaroli ya mwanawe, na ndilo lililo humu ndani, kwa hiyo anayenong'ona kwamba jeneza ni jepesi, sasa ameelewa.

Tunamshukuru Sister Harriet wa zahanati kwa kuitazama presha ya mama miezi yote hii, majirani kwa kuni, maji na mahema, wachomeleaji wa Malaba waliotengeneza msalaba huu wa chuma, na yule mwenzake wa botini aliyetupigia simu kabla kampuni haijamkataza. Kaka yangu, kazi umeimaliza, lala.

Na wewe Bwana Engole, pamoja na waliokutuma na shada la maua, leo Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, nimesoma tarehe zote na mahali pote mbele ya watu, isipokuwa mahali pamoja. Mlipaandika siku mlipoutafuta mnyororo wenu. Tuandikieni na sisi, kwa jina lake, kwamba alifia hapo, mtie sahihi, mmkabidhi Ajambo mkononi.