Bi. Terhi Kuosmanen na Uongo Wake wa Kila Jumanne

Baada ya miaka thelathini na minane katika Maktaba ya Mji wa Lohiranta, mwenzetu Bi. Terhi Kuosmanen anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026. Alianza Machi 1988 kwa kupanga vitabu, na rafu ya mwisho ameipanga mwenyewe hadi juzi, maana kwenye herufi Ä, ya karibu na mwisho wa alfabeti yetu, hamwamini mtu.

Mwaka 1996 tulipoletewa kompyuta ya kwanza ya umma, wakubwa walitaka ifungue kurasa kumi tu zilizoidhinishwa. Terhi alikataa katakata. Alisema mtandao ni kama ziwa letu: mfundishe mtu kuogelea, usilizungushie ua. Akashinda. Mzee mmoja aliyeuliza mtandao unafungwa saa ngapi alijibiwa kwamba haufungwi hata sikukuu ya Juhannus, ya katikati ya majira ya joto, naye akawasikitikia sana wafanyakazi wa mtandao huo.

Mwaka 2014 alianzisha kozi ya Jumanne kuhusu fedha za kidijitali zisizo na benki wala bosi, zile ambazo daftari lake hutunzwa na kompyuta za watu wengi kila pembe ya dunia. Mashabiki wa fedha hizo walimwandikia barua wakimwita adui wa maendeleo. Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja aliandika yake, akimshutumu kuwa wakala wao. Terhi alizibandika barua zote mbili ubaoni, bega kwa bega, zijibizane zenyewe.

Darasani alikuwa na utaratibu wake. Katika kila somo alipenyeza uongo mmoja, uso mkavu, na mikate ya iliki haikutoka jikoni mpaka mtu aunase. Siku aliyosema malipo ya fedha hizo hayaonekani na yeyote, Bwana Veikko Rautio, fundi bomba mstaafu, alinyoosha mkono.

"Umetupiga fiksi, Terhi. Daftari liko wazi kwa dunia nzima, si ulituonyesha mwenyewe? Haya, lete mikate."

Kuna Jumanne mbili tulirudi nyumbani bila mkate, na tulistahili.

Novemba 2021 alikuja mgeni kutoa mhadhara. Alivaa suti nzuri, akanadi sarafu mpya "isiyo na mwenyewe", yenye faida ya uhakika kila wiki. Bwana Rautio alikuwa amekaa mbele na mkoba mapajani. Alishatuambia mlangoni kilichomo: hati ya kuuza nyumba yake ya ziwani, aliyoijenga na marehemu mkewe. Ilibaki saini tu, fedha ziende kwenye sarafu hiyo.

Terhi aliuliza kutoka nyuma, kwa upole kabisa. "Ndugu yangu, kama haina mwenyewe, hiyo faida naahidiwa na nani?"

"Na kampuni yetu, mama."

"Kwa hiyo ina mwenyewe."

Mgeni alianza kueleza upya. Bwana Rautio alifunga mkoba. "Huyu anatuuzia mbuzi kwenye gunia," alisema, "na gunia lenyewe halina mbuzi." Akaenda kuchukua koti lake. Kabla theluji haijayeyuka, tovuti ya kampuni ile ilishazimika. Nyumba ya ziwani ipo, na kila Jumamosi mwenyewe anawasha sauna yake.

Ofisi ya mji ikataka kujua nani alimkaribisha tapeli yule. Terhi alijibu kwa sentensi moja kwamba mhadhara ulikuwa chini ya kozi yake, akapewa onyo la maandishi. Wengi wetu tuliamini alimwalika makusudi, ili awe uongo wake mkubwa kuliko yote. Hakukanusha.

Sasa niseme. Kibali cha mhadhara ule nilikisaini mimi, Ilkka Vuorela, ninayeandika maneno haya. Nilisoma kijarida chao nikiwa nimevaa miwani ya mbao, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa kununua. Terhi aliiona saini yangu. Kesho yake aliniletea kahawa, akasema tu, "Kunywa kwanza, Ilkka, halafu usome tena ukurasa wa tatu wa kijarida, ule wa faida ya uhakika." Nimenyamaza zaidi ya miaka minne, na kila nilipopishana naye kwenye ngazi niliona aibu.

Asubuhi ya leo nimeipelekea ofisi ya mji barua, nikiomba onyo lile litolewe kwenye faili lake na liwekwe kwenye langu.

Ahsante sana, Terhi, kwa niaba ya maktaba nzima. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na majira mema ya joto. Uondoke na faili safi, kama lilivyostahili kuwa siku zote.