Jiwe Moja Halikuwa Baridi

Kosa langu la kwanza katika mchezo huu, ndugu zangu, lilikuwa kuficha vizuri mno. Nianze hapo, kwa sababu mengine yote yalitoka hapo.

Wageni waliokaa kule nyuma hawaujui mchezo wenyewe, kwa hivyo niwaeleze. Mtu anaficha kopo mahali. Ndani anaweka vitu vidogo visivyo na thamani pamoja na karatasi ya kuandika jina. Kisha anapima mahali pale kwa kimashine kinachosoma setilaiti, anapata namba, anaziweka kwenye mtandao. Mtu mwingine anazisoma, anatembea hadi pale, anatafuta. Akilipata kopo anaandika jina lake, na akitoa kitu anaacha kitu. Basi. Hakuna zawadi. Kwa Kiingereza huitwa geocaching. Mimi nilijifundisha mwenyewe mwaka ule wa uchaguzi, nikifanya kazi kwenye saiba moja, duka la intaneti, pale Olympic, pembeni mwa Kibera. Kimashine niliachiwa na mteja aliyekuwa akirudi kwao.

Mama aliyetangulia hapa mbele amesema alianza kwa sababu daktari alimwambia atembee, ana sukari, na kutembea bila pa kwenda kunamchosha. Kijana aliyemfuata amekiri hajali matembezi wala kopo; anataka tu jina lake liwe la kwanza kwenye karatasi. Mmemcheka, lakini amesema kweli. Mimi wakati ule ningewaambia wote wawili wamekosea. Nilidhani kuna sababu moja tu ya kucheza, nayo ilikuwa yangu: kutengeneza maficho yasiyo na kasoro.

Mnajua pale reli inapotoka Kibera kuelekea upande wa msitu. Kuna kalvati, lile tundu la kupitisha maji chini ya reli, limejengwa kwa mawe ya kuchonga. Ndani kidogo jiwe moja lilikuwa limeng'oka zamani. Nilichukua kopo la mafuta ya kujipaka, nikalipaka simiti usoni, nikaichonga simiti ifanane na mawe jirani, nikaipaka hata moshi na ukungu. Nilirudia kazi ile hadi mikono ikapasuka. Nilipolisukuma mahali pake, mimi mwenyewe nilirudi nyuma nikashindwa kuliona.

Hakuna aliyelipata. Watu walikuja, wakaondoka, wakaandika kwenye mtandao kwamba pale hapana kitu. Rafiki yangu wa saiba akaniuliza, "Sasa buda, hiyo mkebe uliificha ama uliizika?" Nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi kwamba watu wanarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu yangu.

Halafu uchaguzi ukafika.

Sitasimulia mambo ambayo kila mtu humu anayo ya kwake. Niliishi upande ambao, baada ya matokeo kutangazwa, jina la baba yangu halikuwa jina zuri kuwa nalo. Jirani aliyekuwa akiniazima jiko alikuja akasimama mlangoni, hakuingia, akasema tu, "Leo usilale hapa." Nikaenda kwa dada yangu Kawangware na nguo nilizovaa. Huko nako hakukuwa salama, lakini kulikuwa na dada.

Baadaye viongozi wakapeana mikono, maduka yakafunguliwa, watu wakarudi kazini. Mimi sikurudi. Nilikuwa nasimama nimeshika komeo la mlango, nasikiliza. Bati la jirani likigongwa na upepo, nilikuwa nakisia ni nani anakuja. Watu wakicheka nje, niliwasikia kana kwamba wamenijua. Meneja wa saiba alituma salamu mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaacha kutuma.

"Hiki kitanda nitaanza kukukodishia," dada alisema. "Ama unataka nikumwagilie maji uote mizizi?"

"Nitatoka kesho."

"Kesho yako ni kama ya fundi wa viatu. Wee, hata hicho kidude chako cha reli hukitaki tena?"

Alitania tu. Lakini mvua ndefu zilikuwa zinakaribia, na mimi nikaanza kuwaza juu ya kifuniko. Kama simiti ilikuwa imepata ufa, maji yangeingia na karatasi ingeoza. Wazo lile lilinikera kuliko woga. Siku iliyofuata nikatoka. Msinisifu kwa ujasiri. Nilitoka kwa ajili ya kifuniko.

Ilikuwa saa sita mchana. Barabara ya Ngong ilikuwa na watu kama kawaida, lakini nilipoiacha na kushuka kuelekea reli, watu wakaisha. Reli yenyewe ilikuwa imeng'olewa mahali fulani, mataruma yamebaki peke yake kama ngazi iliyolazwa chini. Kwenye ua mmoja nguo zilikuwa zimeanikwa, zimekauka na kupauka hadi rangi zake zikafanana zote. Hakuna aliyezianua. Ndani ya nyumba ya nyuma yake redio ilikuwa inasoma vifo na mazishi, mlango wazi, na hakuna mtu.

Niliingia kalvatini nikalitafuta jiwe langu kwa vidole. Lilikuwa mahali pake sawasawa. Nikalivuta, nikalifungua. Ndani nilikuwa nimeacha gololi, kishikio cha funguo na filimbi ya refa. Filimbi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kipande cha sahani ya udongo, chenye nusu ya ua la buluu, kimeoshwa kikatakata. Karatasi ya majina ilikuwa nyeupe kama nilivyoiacha.

Ndugu zangu, nywele zilinisimama. Miezi yote watu wamekuja na namba mkononi na hawakuliona. Halafu, katika wiki zile ambazo hakuna aliyetoka nje bila sababu, mtu amelipata, amelifungua, na amelirudisha jiwe vizuri kuliko mimi.

Nikachukua kile kipande, nikaacha kifungo cha shati, nikaondoka bila kugeuka.

Nilirudi. Mtu anaweza kuogopa mlango wa dada yake na bado akaenda peke yake kwenye tundu chini ya reli. Nilikuwa mtu huyo. Kifungo kilikuwa kimechukuliwa, kipande kingine kimewekwa. Nikaacha mshumaa, ukachukuliwa, na kipande kingine kikaja. Vyote vilikuwa vimeoshwa, lakini kimoja kilikuwa na weusi kwenye ukingo ambao maji hayakuutoa. Nilijua weusi ule ni wa nini. Kila aliyekuwa Kibera miezi ile anaujua.

Nilianza kuviunganisha kwa gundi kwenye meza ya dada. Ua likawa kamili, kisha shada, kisha ukingo wa sahani.

"Nani huyu anakutumia vyombo?" dada akauliza.

"Sijui."

"Hajaandika jina?"

"Hajaandika."

Dada aliitazama sahani ile, akasogeza sufuria yake mbali nayo. "Mtu ana jina," alisema. "Usiniletee hapa vitu vya asiye na jina."

Siku moja nilipokuwa nimetoka kalvatini na kupanda juu ya reli, nikasikia filimbi. Ililia mara moja tu. Jua lilikuwa utosini, hakuna mti wa kujificha, hakuna mtoto, hakuna mbwa, na mlio ule ulitoka chini yangu, kutoka kwenye tundu ambamo nilikuwa nimetoka dakika ile na hamkuwa na mtu. Nilikimbia hadi barabarani, nikavuka bila kuangalia magari.

Hapo nilianguka upya. Nilijifungia. Dada aliacha kunitania, na hilo lilinitisha zaidi. Nikamsikia akimwambia jirani kwamba labda nipelekwe kwa wazazi Machakos. Nikaelewa kwamba nikiondoka Nairobi katika hali ile, sitarudi tena. Nitakuwa mtu wa kusimama nyuma ya milango ya watu hadi nizeeke. Na mezani ilikuwepo ile sahani, imebakiza kipande kimoja tu, pengo la pembe tatu karibu na ukingo. Sikuweza kuliacha pengo lile. Mnaonijua mnajua siwezi hata kuacha picha imeinama ukutani.

Nikaifunga sahani kwenye mfuko, nikaenda. Niliamua nitakaa pale hadi aliye na kile kipande aje, awe mtu au asiwe mtu.

Nilikaa mdomoni mwa kalvati, mgongo jiweni. Aliingia kutoka upande wa pili, mwanamke wa makamo mwenye beseni tupu la samaki kichwani, na ndipo nikajua kwamba siku ile ya filimbi alikuwa upande ule wa pili, tundu likiipitisha sauti kama bomba. Alipofika katikati, gizani, akasimama. Sasa nilimwona miguu tu.

"Ni wewe mwenye jiwe?" akauliza.

Kwa lafudhi yake nilijua ametoka upande wa ziwa. Na yeye kwa lafudhi yangu alijua nimetoka wapi. Miezi miwili kabla, kujua huko kungetosha kumaliza mazungumzo. Nikaitikia kwa kichwa.

"Siku ile nilipuliza ugeuke nikuone uso. Ukatoroka kama kuku wa Krismasi."

"Ulilipataje?" nilimuuliza. Hata katika hofu ile, ndugu zangu, hilo ndilo nililotaka kujua. "Hakuna mtu aliweza kuliona."

"Sikuliona." Aliweka beseni chini. "Nilikuwa nimelala hapa, siku wametuchomea. Nimejibana kwa ukuta, wanapita juu, nasikia viatu. Shavu langu liko kwa mawe. Mawe yote ni baridi. Moja si baridi." Akalionyesha kwa kidevu. "Nikalishika mpaka asubuhi."

Nililitengeneza jiwe lile asilipate mtu yeyote anayetafuta. Alilipata mtu asiyetafuta chochote ila kutoonekana.

Basi nikafanya jambo ambalo nilidhani ni jema. Nikaufungua mfuko, nikampa sahani. Nikamwonyesha viungio, jinsi ambavyo havionekani. Nikamwambia limebaki pengo moja tu, na kama anacho kile kipande nitaimaliza.

Alipitisha kidole gumba kwenye viungio.

"Nani alikutuma?" akasema.

"Nilidhani ungependa kurudishiwa."

"Wewe kijana. Nyumba yote ilibaki hii tu, imevunjika. Kutupa kwa takataka siwezi, ni ya mama yangu. Kukaa nayo siwezi. Nikiweka moja hapa, nikirudi haipo, usiku ule ninalala. Nikasema kuna mtu anazipokea, anajua pa kuzipeleka." Alicheka kidogo, bila furaha. "Kumbe unaziunganisha, unaniletea zote kwa mfuko mmoja!"

Nililia, nawaambia. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, nikimwomba msamaha kwa ajili ya ile gundi. Akaniacha nilie. Kisha akanirudishia sahani. "Kaa nayo. Mimi nilishaiacha."

"Na kipande cha mwisho?"

"Hicho usiulize."

Sikuuliza, na hadi leo sijauliza.

Baadaye akataka kujua mchezo ni wa nini. Nikamweleza setilaiti, namba, karatasi. "Watu wazima?" akasema. "Wanatembea na jua, wanapekua mawe, halafu hawapewi kitu?" Akacheka hadi akashika ukuta, na safari hii alicheka kweli. Akaniomba kimashine akishike. Tulitoka naye nje, akawa anatembea huku akitazama namba zikibadilika, hatua kwa hatua, na sikugundua tunakokwenda hadi nilipoona mapaa ya Kibera. Miguu ikakataa.

"Twende," alisema, bila kuinua macho kwenye kimashine. "Ukiwa na mimi hakuna atakuuliza."

Tulipita Olympic, tukashuka hadi mtaa uitwao Raila, humo humo Kibera, alikokuwa amepewa chumba na binamu yake. Watu walitutazama. Mmoja akaita, "Mathe, huyo ni nani?" Akajibu, "Ni fundi wangu wa vyombo." Tukala ugali na omena. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake: hakuwa amekanyaga Kawangware tangu vurugu, na wateja wake wa zamani walikuwa huko. Nilimpeleka hadi sokoni, nikisimama upande ule ambao watu wangemuuliza maswali. Hivyo ndivyo matembezi haya ya Jumamosi yalivyoanza, kabla hamjawa wengi hivi.

Ninamshukuru. Yumo humu ndani, na ameniambia nikimtazama tu ataondoka, kwa hivyo natazama karatasi. Namshukuru jirani aliyekuja mlangoni siku ile. Namshukuru dada yangu, ambaye baadaye aliuliza jina la yule mama, na alipolijua akamtumia sukari na majani ya chai.

Kama kuna neno ninaweza kuwaachia ni hili. Mtu mpya akija kutembea nasi, msimuulize anatafuta nini. Huenda amekuja kwa ajili ya miguu yake, au ya jina lake kuwa la kwanza, au kwa kuwa nyumbani kumenyamaza mno. Huenda hakuja kutafuta, amekuja kuacha. Mpeni nafasi kando yenu, mtembee.

Mimi sasa ninaishi Kibera tena. Asubuhi ninatembea kwenda kazini, jioni ninarudi, na siku nyingi ninafika kabla sijakumbuka kuogopa.