Aliyeteremshwa Kilindini kwa Ajili Yangu

Kosa langu lilianza na ndoo ya taka. Niliimwaga baharini mchana kweupe, jambo ambalo kila mtu melini alikatazwa, kisha nikaapa kwamba sikumwona aliyeimwaga. Wazee wangu na mama zangu wa kikundi hiki, shikamooni. Vijana wenzangu, salamu. Nimetanguliza kosa kwa sababu ninajijua, nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka mchoke kunisikiliza.

Wengi hapa Korogwe mnaniita kijana wa Kapteni. Ni kweli, wakati wa vita nilikuwa mtumishi wa chumba cha kapteni wa manowari ya kubeba ndege. Nimewasimulia watoto wenu jinsi sitaha yake ilivyokuwa pana kama uwanja wa mpira, na ndege zikiruka na kutua hapo katikati ya bahari. Niliyowaficha ni haya ya leo, na sitamtaja mtu yeyote kwa jina.

Ndugu zangu, mimi darasani sikukaa. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa maandishi ya magunia na makopo, kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi baba. Mtu aliyejifunza mwenyewe huishi na hofu kwamba siku moja watu watagundua hajui kitu. Kwa hiyo kila nililolishika nililifanya mara mbili. Kikombe cha Kapteni nilikiosha, nikakitazama kwenye mwanga, nikakiosha tena.

Kapteni alikuwa mtu mrefu na mkimya. Kifuani alikuwa na nishani alizopewa baada ya meli yake ya zamani kupigwa, naye akakataa kutoka mpaka mabaharia wake wote watoke. Hakulisema yeye hilo, niliambiwa na mabaharia. Walimwogopa, na papo hapo walimpenda.

Tulikuwa watumishi wawili. Mwenzangu alikuwa Mzigua wa Handeni, mtu wa mzaha. Mimi aliniita Bwana Kikombe.

"Bwana Kikombe, utakitoboa hicho! Au unataka kumaliza maji ya bahari?"

Ndiye aliyenifundisha kupiga pasi shati la mzungu, na ndiye aliyenishika kichwa nilipotapika siku za mwanzo. Nawaambia haya ili mjue ni mtu wa namna gani niliyemfanyia hivi.

Melini taka zilimwagwa usiku tu. Maganda na makaratasi huelea na kuacha mstari mrefu nyuma ya meli, na nyambizi ya adui zetu Wajapani, ile manowari inayokwenda chini ya maji, ikiuona mstari huo inaufuata mpaka kwenu. Siku ile zamu ya taka ilikuwa ya mwenzangu. Yeye alikuwa chini anapiga pasi, na ndoo ilikuwa inangoja giza. Lakini Kapteni alikuwa na wageni wa vyeo vikubwa kwa chakula cha mchana, na ndoo ilikuwa inanuka. Nilishindwa kuvumilia. Niliogopa aibu ya harufu kuliko hatari ya nyambizi. Nikaibeba, nikaimwaga, nikaisuuza, nikairudisha mahali pake.

Meli iliyokuwa nyuma yetu ikatuma habari kwamba taka zetu zinaelea. Ofisa akauliza zamu ni ya nani. Mwenzangu akasema, "Zamu ni yangu, bwana, ila ndoo sijaigusa."

Tukapelekwa mbele ya Kapteni. Akanigeukia mimi.

"Ulimwona mtu akimwaga ndoo?"

"Hapana, bwana."

"Una hakika?"

"Ndiyo, bwana."

"Umewahi kuniletea kikombe kichafu?"

"Hapana, bwana. Hata siku moja."

"Basi ninaliamini neno lako."

Ndugu zangu, mwenzangu aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa anangoja. Alidhani nitasema. Mimi nikatazama viatu vya Kapteni, nikaona vinang'aa vizuri.

Nyambizi haikuja. Hata hivyo mwenzangu alifungwa kwenye chumba cha chini, na tulipofika bandari ya Kilindini, Mombasa, akateremshwa na kufukuzwa kazi. Hakuniaga.

Nikabaki peke yangu, nikazidi kusifiwa. Kisha siku moja ndege zilikuwa zinarudi. Ndege zikitua, meli ya namna ile lazima ielekee upepo, haiwezi kwenda itakako. Ikaja habari kwamba nyambizi imeonekana mbele. Kapteni akaamuru meli igeuzwe. Ndege moja ilikuwa bado iko angani, mafuta yakaiishia, ikaanguka baharini. Watu waliokuwamo hawakuonekana tena.

Chini mabaharia walianza kumsengenya kijana aliyekuwa akitazama ndege zinavyotua. Walisema ndiye aliyekosea kutoa taarifa. Kapteni akatuita sote kwenye sitaha, wapishi na watumishi pia.

"Msimtafute mtu," alisema. "Niliambiwa ndege moja haijarudi. Nilijua, na nikageuza meli. Amri ilikuwa yangu."

Hakuongeza kwamba aliokoa mamia ya watu, ingawa angeweza. Alisema hayo tu, akaondoka.

Nilimpelekea chai. Ikanimwagikia kwenye kisahani. Akaitazama, akanitazama.

"Unataka kuniambia kitu?"

Mama zangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Mtu mwenye nishani zile alikuwa ametoka kusema kosa lake mbele ya meli nzima, naye ananiuliza mimi, mtoto wa shamba la mkonge. Nikafungua kinywa.

"Samahani kwa chai, bwana."

Hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani. Hapa stesheni mlinipokea kwa vigelegele. Nikapata kazi ofisini. Siku moja kwa kinyozi mtu akasema, "Wazigua manowari hawaiwezi. Kuna mmoja Handeni alifukuzwa, alikuwa anawatupia Wajapani alama baharini!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, ndugu zangu. Nilicheka nao, kisha nikatoka nje kabla sijanyolewa.

Nilimwendea mama mmoja wa kikundi chetu hiki, nikamweleza yote huku nalia. Nilidhani atanibembeleza. Akaniuliza, "Mwanangu, unanililia mimi, kwani mimi ndiye niliyefukuzwa? Futa kamasi hizo uende Handeni." Akanifungia mihogo ya kuchemsha ya njiani.

Nilimkuta mwenzangu anapalilia mahindi. Aliniona, akaendelea kulima. Nikasema yote nikiwa nimesimama kwenye tuta.

"Bwana Kikombe," akasema mwishowe, bila kucheka. "Umekuja kujisafisha wewe au kunisafisha mimi?"

Nilishuka kwenye tuta.

"Kama ni wewe, umeshasema, nenda. Kama ni mimi, twende kwa mzee aliyeninyima binti yake kwa uvumi huo. Ukayaseme pale, na majirani waitwe."

Tukaenda. Nikasema mbele ya wazee, wanawake wakisikiliza uani. Yule mzee akanigeukia.

"Kwa hiyo nilimkataa mtu mwema kwa ajili ya neno lako?"

"Ndiyo, mzee."

"Binti ameshaolewa, yuko Hale, ana mtoto. Sasa nikufanyeje wewe?"

Nilisema sijui. Mpaka leo sijui. Kuna mambo ambayo nilipochelewa kusema, yaliharibika kabisa.

Mama wa mwenzangu alikuwa pale. Alisimama akawaambia wanawake wenzake, "Mmesikia? Kesho kisimani nisisikie mtu akiguna." Mwenzangu akanisindikiza mpaka barabarani. Akasema, "Mama amepata jibu lake. Mimi bado. Usirudi mpaka nikuite."

Hajaniita, nami sitamharakisha.

Namshukuru mama yule wa kikundi aliyekataa kunifuta machozi. Nawashukuru wazee wa Handeni waliosikiliza bila kunipiga, ingawa niliwapa sababu. Nawashukuru nanyi. Kapteni sijui aliko, naye nilimdanganya, na hilo bado liko juu yangu.

Vijana wenzangu, msiridhike kwa kuwa kazi yenu haina doa. Yangu haikuwa na doa, na kwa sababu hiyohiyo uongo wangu uliaminiwa. Ukikosea, sema kabla hajaulizwa mwingine.

Wiki iliyopita nilipoteza ufunguo wa stoo ya ofisi. Bwana mkubwa alipoanza kumfokea mlinzi, nilisema ni mimi. Nilikatwa mshahara. Mlinzi yuko kazini.