Jerioth Wanja Nyaga, Aliyebuni Kiti cha Mwenye Kuuguza

Wachungaji, ndugu na majirani mliofika hapa Missouri City, kando ya Houston, Texas, wengine mkiwa barabarani tangu alfajiri kutoka Dallas na Fort Worth, mimi ni Njeru Nyaga, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na naomba mnivumilie kwa sababu nayasoma nikiwa na hasira.

Jerioth alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Runyenjes, Embu, mtoto wa kwanza wa Mzee Nyaga Njeru na Mama Marion Igoki, na mwaka 1980 wazazi walihamia Leicester, Uingereza, ambako baba aliajiriwa kwenye kiwanda cha soksi, na huko ndiko Jerioth alikosoma na kuchukua uraia. Alipotaka kuingia darasa la useremala mwalimu alimwelekeza kwenye darasa la upishi, akakataa kuondoka mlangoni kwa wiki nzima, wakamwingiza. Kati ya 1993 na 1996 alisomea ubunifu wa samani jijini London, akahitimu kwa daraja la kwanza, na mwaka 2001 akafungua karakana yake Leicester, akitengeneza viti na taa za mbao nyembamba zilizopindwa kwa mvuke, taa ambazo hadi leo zinawaka katika maktaba mbili za mji ule.

Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na Kipngeno Rotich, muuguzi, wakajaliwa binti mmoja, Cherono, aliyezaliwa 2006. Mwaka 2009 Kipngeno alipata kazi Texas, wakahamia Grand Prairie, Jerioth akakodi kona ya ghala na kuanza upya pamoja na Omer, seremala kutoka Bukavu, ambaye ameketi hapa mbele.

Mwaka 2014 mama yetu, akiwa amekuja kuwatembelea, aliugua akalazwa siku kumi na tisa, na siku zote hizo Jerioth alilala kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Mama alipozikwa, dada alirudi karakanani akachora kiti kinacholaza mgongo bila kelele, chenye taa ndogo begani inayomulika mapaja ya aliyeketi tu, ili asome au ashone bila kumwamsha mgonjwa. Omer anakumbuka alivyomuuliza, "Mama Cherono, hii kiti ni ya mgonjwa?" naye akajibu, "Mgonjwa ana kitanda, Omer. Hiki ni cha yule anayemuuguza."

Mwaka 2016 alipeleka michoro pamoja na kiti chenyewe kwa kampuni moja ya samani za hospitali huko Dallas, wakamsifu, wakamwambia asubiri, akasubiri, na mwaka 2018 kiti kikatoka, mguu kwa mguu, taa kwa taa, kikiwa na jina la mbunifu wao mkuu. Oktoba 2019 bwana huyo alipewa tuzo mbele ya watu mia tatu, na Jerioth, aliyejinunulia tikiti, akasimama akasema, "Hicho kiti nimekichora mimi," wakamtoa nje kwa kumshika mikono kama mwizi, yeye aliyeibiwa.

Baadaye wakili wao alimletea karatasi ya kutia sahihi kwamba yeye alikuwa fundi tu, akakataa, na mimi, Mungu anisamehe, nilimpigia simu nikasema, "Dada, hii ni nchi ya watu, let it go." Akanijibu, "Fundi si tusi, Njeru. Omer ni fundi na ninamheshimu. Lakini kiti nimekibuni mimi, na wewe unajua." Akakata simu, hatukusemezana miezi saba. Wengi wenu humu mlimwambia kama nilivyomwambia, tena kwa maneno ya sala. Kesi aliyofungua 2021 ilitupwa kwa kuwa hakuwa na mkataba wa maandishi.

Walikuwa wamehamia hapa 2020, na kila Jumamosi alikwenda mtaa wa Sharpstown, Houston, kuwafundisha kina mama useremala, kwa michoro yao wenyewe, na hakumruhusu yeyote kuanza kukata mbao kabla hajaandika jina lake kwenye mchoro.

Septemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa hapa Houston tarehe 15 Februari 2025, na kesho yake muuguzi akasukuma kiti ndani ya chumba ili Kipngeno apate pa kukaa. Kilikuwa kile kile. Jerioth alimwomba mumewe akilaze, awashe taa, kisha akauliza, "Mgongo unakuuma?" Kipngeno akasema hapana. "Basi nilikitengeneza vizuri," akasema, akageukia ukuta, akalia. Alitutoka Jumapili, tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, siku tano kabla ya kutimiza miaka hamsini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotulisha, Omer na wanafunzi wa Sharpstown waliolitengeneza jeneza hili kwa mikono yao. Jana kampuni ile ilileta shada la maua lenye kadi iliyoandikwa, "Kwa fundi wetu mahiri." Cherono aliisoma, akalibeba shada hadi kwenye gari lililolileta, akamwambia dereva, "Take it back. Mama yangu alikuwa mbunifu."

Lala kwa amani, Jerioth Wanja Nyaga, mbunifu wa samani na taa.