Mwalimu Mshale Aaga Maabara ya Fizikia

Tarehe 30 Juni mwalimu wetu wa fizikia anastaafu, baada ya kufundisha shuleni hapa kwa miaka thelathini na moja. Wanafunzi walimbatiza Mwalimu Mshale, na jina likamganda hadi ofisini. Chanzo ni sharti lake moja: kwenye swali la chaji za umeme, hakuna kugusa kikokotoo kabla ya kuchora mishale ya kani, yaani nguvu za kusukuma na kuvuta, kila mmoja ukielekea unakostahili. Aliyekimbilia hesabu alirudishiwa karatasi bila alama wala lawama.

Miaka ya mwanzo alikuwa mwalimu wa kasi. Ubao ulijaa, ukafutwa, ukajaa tena. Kani, uga na potensheli ya umeme alizimaliza mapema kuliko mwalimu yeyote, na alijivunia hilo. Kisha ukaja mtihani mmoja wa majaribio ambao karibu darasa zima lilianguka katika mada hiyohiyo. Mkuu wa shule wa wakati huo akasema wazi kwamba mtihani wa mwisho ukitoka vilevile, mkondo wa fizikia utafungwa.

Miongoni mwa walioanguka alikuwemo binti wa Mwalimu Mshale mwenyewe. Wakiosha vyombo jikoni, mama alimuuliza binti kulikoni. Jibu la binti Mwalimu ametusimulia mwenyewe: "Mama, nyumbani ukinieleza naelewa. Darasani unaongea na ubao." Anasema lilimchoma kuliko matokeo yenyewe. Kwa siku kadhaa alitembea kama aliyemwagiwa maji.

Kisha akasukuma madawati ukutani. Vijana wawili wenye miraba minne wakawa chaji chanya, wakasimama wakitazamana. Golikipa wa shule, naye chaji chanya, akaambiwa ajipenyeze katikati yao huku wakimsukuma atoke. Alifika akitweta, kisha akatulia, kwa kuwa sasa walimsukuma sawasawa kutoka pande mbili.

"Mbona hasogei?" mwalimu akauliza.

Darasa likajibu kwamba mishale miwili inafutana, kwa hiyo uga, yaani msukumo wa umeme mahali hapo, ni sifuri.

"Na potensheli?"

Wengi wakasema sifuri pia. Bintiye akakataa. "Haiwezi kuwa sifuri, Mwalimu. Mwangalie anavyohema. Kufika hapo kumemtoa jasho, na potensheli ndiyo hiyo kazi ya kufika."

Tangu siku hiyo Mwalimu Mshale alifundisha akiwatazama wanafunzi. Uga una mwelekeo, aliwaambia, basi mfuate mshale. Potensheli haina mwelekeo, basi jumlisha tu, ila usisahau alama ya hasi. Alirudia hayo mpaka golikipa akawa anawafundisha wenzake. Mtihani wa mwisho ulipotoka, walioanguka walikuwa wachache mno na mkondo ukabaki. Bintiye alifaulu, ingawa hakushika namba ya kwanza. Leo anatengeneza vifaa vya umeme hospitalini.

Isidhaniwe kwamba kipaji hicho ni cha kurithiwa. Birika la ofisi ya walimu lilipoharibika tulimkabidhi mama mtu. Alilifungua, akalifunga, akalichomeka, na jengo zima likazimika. Akatukumbusha kwa utulivu kwamba yeye hufundisha umeme tuli, huu unaotembea una wenyewe.

Mkondo wa fizikia sasa una madarasa mawili, na walimu wawili kati ya wanaoufundisha walisomeshwa naye. Mwalimu, asante kwa kutugeukia. Nenda ukapumzike, afya iwe njema, na nyumba yako isikose watu wa kuzungumza nao.