Bi Mardhiya Vuai na Saa ya Wingwi

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mardhiya Vuai anatimiza miaka thelathini na minne na miezi minne ya utumishi katika kituo chetu cha kompyuta hapa Madungu, Chake Chake, na siku hiyo hiyo anastaafu. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja na nusu wa kumweleza, na imenionya nisizidishe. Nitazidisha, na kamati inisamehe.

Aliajiriwa Machi mosi mwaka 1991 akiwa mpiga chapa, wakati kituo kilikuwa chumba kimoja chenye mashine tatu za taipu, moja ikiwa haifai. Waliomkuta wanasimulia kuwa barua iliyoandikwa ovyo hakuipiga chapa. Aliirudisha kwa mwenyewe, awe tarishi au mkurugenzi, na kumuuliza kwa upole kabisa: huyu atakayeisoma atajuaje afanye nini? Swali hilo limetusumbua wengi, na mimi limenisumbua kuliko wote.

Kompyuta ya kwanza ilipofika mwaka 1998, ni yeye aliyeishonea kifuniko cha kitambaa na kuamuru viatu vivuliwe mlangoni. Mpaka leo tunavua. Wageni wanadhani ni amri ya serikali.

Sasa nije kwenye Ukili, maana ndiyo habari yenyewe. Mwaka 2021 mkuu wetu wa kituo, Bi Kaniz Husein, alitupa kazi ya kutengeneza VPN, yaani programu ya simu inayompa muuguzi wa kijijini njia ya faragha ndani ya intaneti, ili taarifa za wagonjwa wake zifike Chake Chake bila mtu wa kati kuzisoma. Bi Mardhiya aliwaeleza wauguzi jambo hilo kwa maneno ambayo sisi tuliosomea hatukuyapata: ni kama kifurushi unachokishona ndani ya gunia na kukipakia kwenye gari ya Kengeja. Dereva anakibeba, utingo anakikalia, lakini kilichomo anakijua aliyekishona na atakayekifumua. Programu hiyo ndiyo Ukili, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, tuliuweka wazi, kila mtu duniani auone, aukague na aurekebishe akiweza. Jina alilitoa yeye, kwa sababu ukili wa mkeka unasukwa mbele za watu, na kila mwenye mkono mzuri anaweza kuongeza wake.

Bi Kaniz alimpa kazi ya kuijaribu programu na kuangalia maneno yake. Nakiri hapa, mbele ya wasomaji wote, kwamba niliuliza nani atamfundisha. Katika wiki ya kwanza alituletea daftari la shule lenye kasoro arubaini na moja, zimeandikwa kwa mkono, kila moja na tarehe yake. Ishirini na nane zilikuwa zangu.

Tuligombana juu ya moja tu. Simu ikishindwa kuunganishwa, mimi niliandika: “Imeshindikana. Jaribu tena.” Bi Mardhiya alitaka programu iseme kimeshindikana nini na mtu afanye nini. Nilimjibu kuwa mambo ya ndani hayamhusu mtumiaji. Akaandika jibu langu kwenye daftari, akalipigia mstari chini, akafunga.

Mwezi wa Mei 2023 tulipewa siku tano za majaribio katika vituo vidogo saba vya afya upande wa Wingwi. Sharti lilikuwa moja: kwa siku mbili za mwisho, taarifa za vituo vyote ziingie kabla ya saa nne asubuhi. Zikikosa, Ukili inafungwa, na badala yake inanunuliwa programu ya nje ambayo hakuna yeyote kati yetu angeruhusiwa kuona ndani yake. Bi Mardhiya alikuwa amebakisha miaka miwili. Alishatuambia mara nyingi kuwa anataka kustaafu akiwa ameacha kitu kinachokwenda bila yeye. Kama Ukili ingefungwa, angerudi chumba cha kuchapia barua na kumalizia huko.

Jumatatu hakikuingia kituo hata kimoja asubuhi. Ilipofika saa saba mchana, vyote saba vikaingia kwa pamoja, salama salimini. Jumanne vivyo hivyo. Tulilaumu mtandao, tukalaumu mnara, tukalaumu seva, na ilipofika jioni tulikuwa tunalaumiana. Mimi niliupitia msimbo wangu mara tatu na kuapa kuwa hauna kosa. Wauguzi walikuwa wakipiga simu kueleza kuwa skrini inasema imeshindikana, wajaribu tena, nao wamejaribu tena mpaka vidole vinawauma.

Jumatano alfajiri Bi Mardhiya alichukua daftari lake na kupanda gari ya kaskazini, bila kumuaga mtu ila Bi Kaniz. Alifika Wingwi na kuketi kwenye benchi pamoja na kina mama waliopeleka watoto chanjo. Muuguzi wa pale, Bi Mwatum, alikuwa amejaribu tangu afungue mlango. Bi Mardhiya hakumwelekeza chochote. Alimtaka arudie tu, naye amtazame.

Saa ya ukutani ya kituo kile imetegwa kama tunavyoitaja saa sisi wenyewe: asubuhi ya saa mbili u nusu, mshale mfupi umeiacha mbili. Na Bi Mwatum, ili asichanganyikiwe anapoandika muda wa dawa, aliitega simu yake ifuatane na saa ya ukutani. Skrini ilisoma mbili na dakika thelathini. Wenzake wa vituo sita vingine, waliofunzwa kazi na yeye, walifanya vile vile. Kwa hiyo kwa akili ya simu zao, zinazohesabu saa kuanzia katikati ya usiku, ulikuwa bado usiku wa manane.

Sasa sikilizeni. Seva yetu ilikuwa ikitoa kila siku saa moja asubuhi cheti kipya, yaani kitambulisho cha kuihakikishia simu kuwa inaongea na sisi, na simu haikubali kuungana mpaka ikione cheti kimeshaanza kazi. Simu ya Wingwi, iliyo nyuma kwa saa sita, ilikiona cheti cha leo asubuhi ikadhani ni cha baadaye, ikakikataa. Saa saba mchana ndipo nayo ilipofika saa moja asubuhi kwa hesabu yake, ikafungua mlango. Siku tatu wataalamu tumekuna vichwa, na jawabu lipo ukutani.

Bi Mardhiya alicheka mpaka kina mama wakageuka. Kisha akanipigia, na maneno yake nayanukuu kama nilivyoyasikia: “Masoud, mwanangu, msimbo wenu mzima. Nyie ndo msojua saa ya kwenu!”

Nilitaka tuwaamuru wauguzi warekebishe simu. Alikataa katakata. Alisema simu zile zinawahudumia watu vizuri tangu zinunuliwe, tusiwaharibie muda wa dawa kwa ajili ya cheti chetu. Mchana ule ule tulipanga kila cheti kihesabiwe kuanza siku moja nyuma. Hatukugusa simu hata moja. Alhamisi, kabla ya saa mbili, kituo cha kwanza kikaingia, kikafuata cha pili, na cha saba kilipoingia Bi Kaniz alipiga kigelegele ambacho sikujua anacho. Ijumaa pia vikaingia vyote. Tulikula halua mpaka tukaingia msikitini na vidole vinanata.

Ile “Imeshindikana” yangu tuliizika wiki iliyofuata. Maneno yote ya Ukili sasa ni ya Bi Mardhiya, na hakuna hata moja linalomwacha msomaji bila kujua afanye nini. Mwaka jana mtengenezaji programu wa Ethiopia, ambako nako saa huhesabiwa kuanzia asubuhi kama kwetu, alikutana na msimbo wetu mtandaoni, akachukua marekebisho yale na kutuandikia shukrani. Bi Mardhiya aliichapisha barua hiyo, akaibandika ukutani, akairekebisha nukta mbili.

Juma lililopita, Bi Mardhiya akiwa katika likizo yake ya mwisho, tulitoa toleo jipya kwa vituo vyote kumi na tisa, kuanzia Wingwi mpaka Kengeja. Ilipofika saa tatu vyote vilikuwa ndani. Saa nne yeye mwenyewe alimpigia Bi Kaniz, akauliza kama kuna aliyekwama. Hakuna. Akauliza kama kuna aliyemuulizia. Hakuna. Bi Kaniz anasema hapo akasikia alhamdulillahi, na kilio kidogo.

Bi Mardhiya, ulilolitaka umelipata: kinakwenda bila wewe. Sisi ndio hatujui tutakwendaje. Tunakushukuru kwa daftari, kwa kutuvua viatu na kwa kuturudishia barua zetu. Mola akupe afya na miaka mingi ya raha nyumbani kwako, na kuanzia Julai mosi itege saa yako upendavyo, sisi tutaifuata.

Masoud Talib
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako