Walikuja Kunizika Nikiwa Hai

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Mimi ninayesimama mbele yenu hapa Chilangala nilishaombolezwa uani kwangu, nikiwa mzima, nasikia kila neno.

Mnaniita Baba Mashine. Babu yangu kule Italia ndiye aliyeanzisha viwanda, na ile mashine ya kubangua korosho inayonguruma pale barabarani ilitoka kwetu. Mimi ni mtoto wa pekee. Tangu utotoni niliambiwa viwanda vyote ni vyangu, na hakuna aliyeniuliza kama navitaka. Nilikuja kuisimika mashine ile hapa, nikahamia moja kwa moja. Baba alikasirika, akaacha kuongea nami. Nikasema moyoni, iko siku nitarudi tupatane.

Siku hiyo haikufika. Baba mdogo alinipigia simu: baba amefariki, na wameshamzika. Hawakuniita! Akasema wao walinihesabu marehemu tangu nilipowakimbia. Ndugu zangu, simu ile ilinimaliza. Nilijifungia ndani, sikula, sikuoga, hamu ya kuishi ikaniisha kabisa. Jirani yangu Mama Fausta, ambaye ukoo wake ulinipokea kama mtoto wao, aligonga mlango mpaka akachoka. Nikamjibu dirishani kwamba asinipikie tena, mimi nimekufa.

Mzungu mjinga mimi! Neno kama hilo husemi hovyo kwenye nchi yenye watani.

Asubuhi niliamshwa na vilio. Nikachungulia. Watu wamejaa uani, masufuria ya msiba yako motoni, na watani wa ukoo wetu wa kina Mama Fausta, wale ambao msibani kazi yao ni kumwiga marehemu na kuwachekesha wafiwa, wamefika na majembe. Mbele yao Bibi Zainabu, mama wa Kiislamu mwenye mvi, amevaa kofia yangu, anatembea mwendo wangu, anajifanya anaifokea mashine kwa Kiitaliano cha kubuni. Nikatoka na hasira kuwafukuza. Hakuna aliyenitazama!

"Marehemu alikuwa mbishi," Bibi Zainabu akawaambia. "Hata salamu tulimfundisha sisi. Shikamoo aliwaamkia mpaka mbuzi."

Nikacheka, nami sikutaka kucheka. Ndipo akaivua ile kofia, akaja kukaa karibu yangu, nikaona machozi yanamtoka, machozi ya kweli.

"Ukifa kweli, mjukuu wangu, nitalia hivi hivi na hutanisikia," akasema. "Ndiyo maana nimekuja leo."

Nilipiga magoti palepale mchangani, nikamwita Mungu kwa lugha ya mama yangu. Sijui nilisema nini. Najua nilipoinuka niliomba chakula, nikala ugali wa muhogo na kisamvu huku watu wote uani wakinitazama. Huzuni haikuondoka siku ile, ilibidi majirani wapokezane kukaa nami. Lakini mauti yaliniachia!

Mchungaji atanisamehe nikisema Mungu alimtuma Mwislamu kuniokoa. Namshukuru Mungu huyo, nawashukuru na ninyi. Na kama upo hapa leo, umependeza, unaimba, na moyoni umeshajizika, nakusihi usirudi nyumbani kimya. Mtumaini Yesu, halafu mwambie aliyekaa karibu yako. Sema hata vibaya, kama nilivyosema mimi. Mungu atasikia, na sisi tutakuja.